Kasoro za Kuzaliwa Nazo za Moyo na Mapafu: Pale Monita Inapompotosha Mhudumu

Chukulia kwamba katika wodi ya wazazi mjini Songea yupo mtoto mchanga wa siku ya pili. Alizaliwa na uzito wa kutosha, akalia, akanyonya. Tangu asubuhi ananyonya kwa kusuasua, na kupumua kwake kumekuwa kwa haraka. Muuguzi anafunga kihisio cha oksimita kwenye kiganja cha mkono wa kulia, na kioo kinaonyesha asilimia 97. Kwa namba hiyo pekee, mtoto angeweza kuandikiwa dawa ya maambukizi na kurudishwa kwa mama yake. Lakini muuguzi ameigusa miguu yake akaiona baridi. Anakihamishia kihisio kwenye mguu, kioo kinatulia, kisha kinaonyesha 84.

Mfano huu ni wa kufundishia, si habari ya mgonjwa fulani. Hata hivyo kila sehemu yake yaweza kutokea katika wodi yoyote, na funzo lake ni zito: kifaa hakikuharibika, na namba zote mbili ni za kweli. Damu ya mkono ina oksijeni ya kutosha, ya mguu haina. Ambacho kingepotosha ni dhana ya msomaji kwamba namba ya mkono huusemea mwili mzima.

Dhana hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kila kifaa cha kuangalia wagonjwa mahututi hupima kitu kimoja, mahali pamoja. Maana ya kipimo hutokana na imani kwamba mwili umejengwa kama miili iliyo mingi: moyo kushoto, aota moja iliyo pana, mapafu mawili, na damu inayopita kwenye mapafu kabla ya kwenda mwilini. Takribani watoto 8 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai duniani huwa na kasoro ya moyo. Kwao, na kwa wale waliozaliwa na kasoro za mapafu au za mishipa mikubwa, imani hiyo huweza kuanguka bila kengele ya monita kulia.

Kwa nini mkono na mguu hutofautiana

Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake hayafanyi kazi ya kupumua. Damu nyingi inayotoka upande wa kulia wa moyo huyapita kando kwa njia ya mshipa mfupi uitwao daktasi, unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa mshipa huo hujifunga, na mtoto mzima wa afya hauhitaji tena.

Yuko mtoto ambaye aota yake imebana sana au imekatika baada ya kutoa matawi ya kichwa na mikono. Kwake daktasi ni uzi wa uhai. Mkono wa kulia na ubongo hupata damu iliyopita kwenye mapafu, ilhali tumbo na miguu hupata damu ya daktasi isiyopata oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana oksimita husoma namba mbili. Daktasi inapoanza kufunga, figo, utumbo na miguu huanza kukosa damu yenyewe. Mapigo ya kwenye kinena hufifia, ngozi hupoa, mkojo hupungua. Kwa macho, mtoto huyo hafanani na mgonjwa wa moyo. Hufanana na mtoto mwenye maambukizi makali ya damu, na mara nyingi hilo ndilo jina la kwanza analopewa. Dawa ya prostaglandini huweza kuiweka daktasi wazi hadi afike kwenye upasuaji, ingawa yaweza pia kumsimamisha kupumua, hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa karibu.

Tofauti kati ya mkono na mguu haitaji jina la ugonjwa. Shinikizo kubwa la mishipa ya mapafu kwa mtoto mchanga, hata pasipo kasoro ya moyo, huweza kuleta picha hiyo hiyo. Nayo namba ya mkono ikiwa ndogo kuliko ya mguu, jambo lisilo la kawaida kabisa, humkumbusha daktari kasoro ambayo mishipa miwili mikubwa ya moyo imebadilishana mahali. Kinachosemwa na tofauti ni kwamba mtoto huyu achunguzwe zaidi, tena leo.

Kwa sababu hiyo kuna utaratibu rahisi wa kuwachunguza wachanga wote. Baada ya saa 24 tangu kuzaliwa, au kabla ya kuruhusiwa ikiwa mama anaondoka mapema, hupimwa mkono wa kulia na mguu mmoja. Mkono wa kulia huchaguliwa kwa sababu ateri yake kwa kawaida hutoka kwenye aota kabla ya mahali daktasi inapoungana nayo. Mkono wa kushoto uko karibu mno na hapo. Kipimo chochote kikiwa chini ya 90, mtoto huonwa na daktari mara moja. Kikiwa kati ya 90 na 94, au tofauti ya mkono na mguu ikizidi 3, hurudiwa baada ya saa moja, na hali ikibaki vile vile mtoto huchunguzwa. Utaratibu huu haukamati kila kasoro. Kubana kwa aota ni miongoni mwa zile zinazopenya, na kwa hiyo mapigo ya kinena hupapaswa hata pale namba zinapokuwa nzuri.

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya milima ya Umatengo viko juu zaidi. Mwinuko hupunguza kidogo oksijeni ya damu, hivyo mtoto wa huko huweza kusoma pungufu kidogo kuliko wa pwani. Lakini mwinuko huathiri mkono na mguu kwa pamoja. Hauwezi kueleza tofauti ya asilimia 13 kati ya viungo viwili vya mtoto mmoja.

Oksimita huona nini, na haioni nini

Oksimita ilitokana na kazi ya mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya mwanzo ya 1970. Hupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kwenye kidole, kisha hufuatilia ile sehemu ndogo ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya damu. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, na kutoka hapo hupatikana asilimia.

Kwa hiyo kifaa hujua ni sehemu gani ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Hakijui himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mtoto mwenye malaria na upungufu mkubwa wa damu huweza kusoma 98 huku mwili wake ukipata oksijeni kidogo mno. Na akiwa na kasoro ya moyo inayopunguza oksijeni, huenda asionekane wa bluu, kwa kuwa rangi hiyo huonekana pale tu himoglobini isiyo na oksijeni inapofika kiasi fulani. Mwenye damu kidogo anaweza asikifikie kiasi hicho. Midomo isiyo ya bluu, basi, haimtoi mtoto mwenye upungufu wa damu katika hatari.

Rangi ya ngozi nayo ina sehemu yake. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa ambao oksimita zao zilisoma kati ya 92 na 96. Ilipopimwa damu ya ateri moja kwa moja, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilionyesha oksijeni iliyokuwa chini ya 88; kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Aidha oksimita hupoteza usahihi kadiri oksijeni inavyoshuka chini ya 80, yaani katika eneo lile lile ambamo watoto wengi wenye kasoro za moyo za rangi ya bluu huishi.

Mtoto ambaye 80 ni kawaida yake

Katika tetralojia ya Fallot na kasoro nyingine za namna hiyo, sehemu ya damu huruka mapafu na kurudi mwilini ikiwa haina oksijeni. Mtoto wa aina hiyo huweza kukaa na 80 siku zote, akacheza, kisha akachuchumaa ili apumzike. Akilazwa kwa homa ya kawaida, monita italia bila kukoma. Mhudumu asiyejua habari zake ataongeza oksijeni, na namba haitasogea, kwani damu isiyofika kwenye mapafu haiwezi kuchukua oksijeni hata ikiwekwa kwa wingi kiasi gani. Kutosogea huko ni taarifa yenye thamani: huashiria kwamba huenda tatizo liko katika njia ya damu, si katika pafu pekee.

Yapo pia maumbile ambamo oksijeni nyingi hudhuru. Kwa mtoto ambaye ventrikali moja tu ya moyo ndiyo inayohudumia mapafu na mwili, oksijeni hulegeza mishipa ya mapafu na kuivuta damu huko, mwili ukabaki na kidogo. Namba ya oksimita hupanda na kila mtu hufurahi, huku mkojo ukipungua na miguu ikipoa. Kwa watoto hawa madaktari mara nyingi hulenga 75 hadi 85.

Hili halimpi mhudumu ruhusa ya kumnyima oksijeni mtoto aliyezidiwa ambaye hali yake haijulikani. Huyo apewe, huku uchunguzi ukiendelea. Wa kupunguziwa ni yule ambaye maumbile ya moyo wake yamethibitishwa na daktari ameandika lengo lake. Na mtoto wa Fallot akipata shambulio la ghafla la kubadilika rangi na kuhema, hatua ya kwanza haihitaji mashine: akunjwe magoti yake yaguse kifua, atulizwe mikononi mwa mama, kisha msaada uitwe.

Shinikizo la damu na mkono uliochaguliwa

Kipimo cha shinikizo la damu huchukuliwa kwa mazoea kwenye mkono ulio karibu. Kwa mwenye kubana kwa aota, mkono wa kulia huweza kusoma shinikizo la juu ilhali miguu haina shinikizo la kutosha. Kwa kawaida mguu husoma sawa na mkono au zaidi. Mkono ukiuzidi mguu kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, aota inashukiwa. Kijana aliyepewa dawa za presha kwa miaka bila mtu kupima mguu wake huenda ametibiwa dalili, chanzo kikabaki palepale.

Hata mkono wa kulia unaweza kudanganya. Watu wachache, kama mmoja kati ya 100 au pungufu, huzaliwa na ateri ya mkono wa kulia inayotoka mwishoni mwa upinde wa aota badala ya mwanzoni. Ikiwa aota imebana kabla ya hapo, mkono wa kulia husoma kama mguu. Tofauti hutoweka, na mhudumu huhitimisha kwamba hakuna tatizo au kwamba mgonjwa yuko katika mshtuko.

Upasuaji nao huacha alama zake. Mnamo Novemba 1944 huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Alfred Blalock alimfanyia mtoto wa rangi ya bluu upasuaji uliobuniwa pamoja na daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig na fundi wa maabara Vivien Thomas. Ateri ya mkono ilielekezwa kwenye ateri ya mapafu ili damu zaidi ipate oksijeni. Siku hizi hutumika zaidi mrija mdogo wa kuunganisha, lakini matokeo ni ya jamii moja: mkono wa upande uliopasuliwa huweza kusoma shinikizo dogo, au usisomeke kabisa. Mtoto aliyepona na kurejea nyumbani, akilazwa miaka mingine baadaye na kupimwa mkono huo, anaweza kujazwa maji ya mishipa na dawa za kupandisha presha asizozihitaji.

Moyo ulio kulia, pafu lisilo mahali pake

Katika dekstrokadia moyo umeelekea kulia. Vibandiko vya kupima umeme wa moyo vikiwekwa kama kawaida, mistari hupinduka na kudhoofika, na msomaji hudhani nyaya zimebadilishwa au misuli ya moyo inakosa damu. Baadhi ya watu hawa viungo vyote vimepinduka: ini liko kushoto, hata kidole tumbo kiko kushoto. Dharura ikitokea, vibandiko vya mashine ya kushtua moyo lazima vifuate moyo ulipo.

Lakini si kila moyo unaosikika kulia ulizaliwa huko. Mtoto mchanga anayehema vibaya, tumbo lake limebonyea, na mapigo ya moyo yanasikika kulia, huenda ana tundu kwenye kiwambo ambalo utumbo umepandia kifuani ukausukuma moyo. Kumpulizia hewa kwa barakoa huujaza utumbo huo na kuyakandamiza mapafu zaidi. Anahitaji mpira wa kutoa hewa tumboni na, akiwapo mtaalamu, mrija wa kupumulia uwekwe mapema.

Kosa la kifua lenye madhara makubwa ni la sindano. Katika emfisema ya kuzaliwa nayo, kipande kimoja cha pafu hujaa hewa isiyotoka, kikavimba na kusukuma moyo kando. Sauti ya pumzi hupungua upande huo, oksijeni hushuka, eksirei huonyesha weusi. Hiyo ndiyo picha ya hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, na tiba ya hewa iliyovuja ni kuitoa kwa sindano au mpira. Hapa sindano ingetoboa pafu lenyewe. Hali ya mtoto ikiruhusu, eksirei hutazamwa kwa makini: ndani ya weusi wa emfisema mara nyingi huonekana michirizi myembamba ya pafu, ambayo haiwezi kuwamo katika hewa iliyovuja.

Upande mweupe wa eksirei nao una mtego. Maji yaliyojaa kifuani huisukuma koo ya hewa upande wa pili. Pafu ambalo halikukua, au halikuwapo tangu mwanzo, huivuta koo hiyo kuelekea upande wake. Kumtafutia maji kwa sindano mtu asiye na pafu upande ule ni hatari isiyo na faida.

Katika hospitali zenye vifaa vya juu zaidi, orodha huendelea. Mpira wa vena kuu uliopita kwenye vena ya ziada ya upande wa kushoto, inayopatikana kwa watu takribani 3 hadi 5 katika 1,000, huonekana kwenye eksirei kana kwamba umeingia pasipostahili. Damu ya vena iliyochukuliwa karibu na mahali ambapo vena ya mapafu imejiunga kimakosa husoma oksijeni nyingi, na kutoa picha kwamba mwili umeridhika. Kipimo cha hewa ya ukaa kwenye mrija wa pumzi husoma pungufu kuliko damu, kwa kuwa damu iliyoruka mapafu haikuitoa hewa hiyo.

Kinachowezekana Songea

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, kwa barabara inayopanda Njombe na Makambako. Iliko huko ndiko iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, ambako watoto hufanyiwa upasuaji wa moyo. Mbeya nako, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, si karibu. Kwa umbali huo, uamuzi wa kutoa rufaa leo au kusubiri kesho kutwa huweza kuwa ndio tiba yenyewe. Na uamuzi huo huanzia kwenye vifaa vilivyopo: oksimita moja, kipimo cha presha, na vidole vya mhudumu.

Namba iandikwe pamoja na mahali ilipopimwa. "Oksijeni 97" ni nusu ya taarifa. "97 mkono wa kulia, 84 mguu wa kushoto, bila oksijeni" ni taarifa kamili. Namba na mgonjwa zisipokubaliana, kifaa kihamishwe, mahali pengine papimwe, mapigo ya kinena yapapaswe. Tiba inayotarajiwa kuleta nafuu isipoleta, kama oksijeni isiyoipandisha namba au maji ya mishipa yanayozidi kumlemea mtoto, utambuzi wa kwanza uhojiwe. Mtoto anayelazwa kwa nimonia mara ya tatu na ya nne katika pafu lile lile anastahili eksirei iliyotazamwa upya na kipimo cha eko ya moyo.

Wagonjwa na wazazi wana sehemu ambayo hakuna mashine inayoweza kuichukua. Aliyewahi kuambiwa kwamba moyo wake uko kulia, kwamba ana pafu moja, kwamba alipasuliwa akiwa mtoto au kwamba oksijeni yake ya kila siku ni 82, alitaje jambo hilo mapokezini kabla hajafungwa kifaa chochote. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, nakala nyingine ikae kwa ndugu. Mama anayesema kwamba mtoto wake hutoka jasho jingi anaponyonya, au huchuchumaa anapochoka, anatoa kipimo ambacho monita haina. Kisikilizwe na kiandikwe.

Mtoto wa mfano wetu, basi, anaondoka Songea akiwa na fomu ya rufaa yenye mistari mitano: oksijeni ya mkono wa kulia, oksijeni ya mguu, presha ya mkono, presha ya mguu, na hali ya mapigo ya kinena, kila mmoja na saa yake. Simu imetangulia. Daktari anayempokea hajamwona bado, lakini ameshajua kwamba huenda daktasi ndiyo inayomweka hai, na ameanza kuulizia prostaglandini.